Stabilaiza ya nyuma kwenye Chevelle ya 1969: unene gani, na ifungwe vipi

Swali: Shikamoo fundi. Niko Columbus, Ohio, na nina Chevelle Malibu ya 1969 ya milango miwili, injini 350, difu ya kawaida isiyojifunga. Injini na breki nimeshamaliza, sasa nahangaika na uendeshaji. Nikiingia kona ya kutokea barabara kuu gari linalala kama ngalawa, na nikiongeza mwendo kidogo pua haigeuki, inataka kwenda moja kwa moja. Mbele kuna stabilaiza (ile fimbo ya kuzuia gari lisilale) nyembamba ya kiwandani, nyuma hakuna kitu. Muuza vipuri mmoja anasisitiza nifunge ya nyuma ya inchi moja na robo, eti kona nitazisahau. Nimeona pia za inchi 7/8 na za inchi moja. Nichukue ipi, na naweza kuifunga mwenyewe nyumbani? Mashine ya kuchomelea sina.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Chukua ya inchi 7/8, ya chuma kizima, ile ya mtindo wa kiwandani inayofungwa kwenye mikono ya chini ya ekseli. Kuifunga mwenyewe unaweza, hata bila mashine ya kuchomelea. Lakini iweke stoo kwanza. Kuna kazi ya mbele inayotangulia. Ya inchi moja na robo mwachie mwenyewe. Nadhani alichanganya mambo, maana inchi moja na robo ni kipimo cha kawaida cha stabilaiza za mbele zinazouzwa kwa gari hili.

Umeleta malalamiko mawili ukayafunga kwenye furushi moja. Gari kulala ni jambo moja. Pua kukataa kona ni jambo lingine. Unaweza kuwa na gari linalolala sana na bado linageuka vizuri. Magari ya Kifaransa ya zamani yalikuwa hivyo, yanalala mpaka abiria anashika mlango, lakini barabara hayaiachi. Na unaweza kuwa na gari lililosimama wima kama nguzo ambalo likifika kona linateleza mzimamzima. Stabilaiza inatibu la kwanza moja kwa moja. La pili inaligusa kwa njia ya kuzunguka, na hapo ndipo watu wanapoharibu magari yao.

Tuanze na kitu chenyewe. Stabilaiza ni springi, ila badala ya kubonyea inajisokota. Magurudumu mawili yakipanda tuta kwa pamoja, fimbo inazunguka tu kwenye nafasi yake na haifanyi kazi yoyote. Gurudumu moja likipanda na jingine likishuka, kama inavyokuwa gari linapolala kwenye kona, fimbo inasokotwa, nayo inapinga kusokotwa. Kule nyumbani kila mwenye Probox anaijua bila kujua kuwa anaijua: ule mlio wa ko-ko-ko kwenye barabara ya mashimo, fundi anakwambia "stabilaiza linki zimekwisha, kaka." Linki ndizo zinazounganisha ncha za fimbo na mguu wa gari. Chevelle yako nyuma haitakuwa na linki. Nitalirudia hilo, maana ndilo linaloamua namna ya kuifunga.

Sasa hesabu kidogo, usikimbie. Gari lako, likiwa na dereva na mafuta, tuchukulie lina kilo 1,630. Uzito wake umekaa, tuseme, sentimita 55 kutoka chini, na matairi yametengana mita moja na nusu na ushei. Ukikata kona kwa nguvu, kama sita ya kumi ya mvutano wa dunia, karibu kilo 350 zinahama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje. Hizo kilo 350 hakuna stabilaiza duniani itakayozizuia. Zinaletwa na urefu wa uzito, upana wa gari na ukali wa kona, basi. Stabilaiza inaamua kitu kimoja tu: katika hizo 350, ngapi zihamie kwenye ekseli ya mbele na ngapi kwenye ya nyuma.

Na kwa nini ujali zinahamia wapi? Kwa sababu tairi lina tabia ya mchukuzi. Mpe gunia moja, anatembea. Mpe mawili, anatembea, lakini hachukui mara mbili kwa wepesi uleule. Tairi ukilibebesha mara mbili halikupi mshiko mara mbili, linakupa pungufu. Kwa hiyo jozi ya matairi inayogawana mzigo sawasawa inashika kuliko jozi ambayo moja limelemewa na jingine linaelea. Ukifunga stabilaiza nene nyuma, unalazimisha kilo nyingi zaidi zihamie kwenye ekseli ya nyuma, jozi ya nyuma inapoteza mshiko, ya mbele inapumua, na pua inaanza kugeuka. Stabilaiza ya nyuma haikuongezei mshiko hata chembe. Inakopa nyuma ikalipa mbele. Kukopa kidogo ni sawa. Ukikopa sana, mkia unakuja kudai.

Difu yako isiyojifunga inaongeza tatizo. Nyuma kuna, tuseme, kilo 734, yaani 367 kila upande. Zikihama 150 kwenye kona, tairi la ndani linabaki na 217. Ukifunga fimbo ya inchi moja na robo, zikahama 230, tairi la ndani linabaki na 137. Difu ya kawaida inagawa nguvu kwa kumtazama mnyonge: tairi la ndani likishindwa kushika, la nje halipati chochote cha maana. Matokeo yake unayajua: unakanyaga mafuta ukitoka kwenye kona, tairi la ndani linapiga mluzi na kutoa moshi, gari haliendi. Injini 350 yenye afya inalifanya hilo bila kutoa jasho. Kama ungekuwa na Positraction, yaani difu ya GM inayojifunga, ungepona hapo, ila siku ya mvua matairi yote mawili yangeachia pamoja, na hilo lina habari yake.

Unene wenyewe unadanganya macho. Ukishika fimbo mbili mkononi, ya 7/8 na ya inchi na robo, moja ni milimita 22 na nyingine karibu 32. Unaona tofauti ya kidole chembamba. Lakini ugumu wa fimbo unakua kwa kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara nne. Ya inchi moja ni ngumu kuliko ya 7/8 kwa asilimia 70. Ya inchi moja na robo ni ngumu kuliko ya 7/8 zaidi ya mara nne, kama vipimo vingine ni sawa. Mara nne! Huyo anayekwambia "ongeza kidogo tu" hajawahi kupiga hesabu hiyo.

Ukiona yenye uwazi ndani kama bomba, usiogope. Kiini cha fimbo hakifanyi kazi kubwa ya kupinga msokoto; kazi iko kwenye ganda. Bomba la inchi moja na robo lenye ukuta wa robo inchi linapoteza kama asilimia 13 tu ya ugumu wa fimbo nzima ya kipenyo hicho, na linapunguza zaidi ya theluthi ya uzito. Wala usibabaishwe na matangazo ya "chuma maalumu kigumu zaidi". Chuma cha aina zote, cha bei rahisi na cha bei mbaya, kinapinga kusokotwa karibu sawasawa. Chuma bora kinachokupa ni kurudi kilipotoka bila kupinda jumla na bila kuvunjika upesi. Hilo lina maana, ila si ugumu. Ugumu uko kwenye kipenyo na kwenye urefu wa ncha zake.

Kuhusu kiwanda: ile 7/8 sikuiokota. General Motors walijua dawa hii mapema. Oldsmobile 442 ya 1964, ndugu wa damu wa Chevelle yako, ilitoka na stabilaiza ya nyuma. Chevrolet wenyewe walichelewa. Chevelle SS ya 1970 ndiyo iliyokuja na mfumo wa F41, yaani seti ya kiwandani ya kuboresha uendeshaji: 7/8 nyuma na inchi 1 na 1/8 mbele. Gari lako limetoka mwaka mmoja kabla. Kwa nini nyingi ziliachwa bila? Gharama, kwanza. Pili, gari linalosukuma pua linamsamehe dereva wa kawaida: anaogopa, anaachia mafuta, pua inarudi. Gari linalotupa mkia halisamehi, na ukiachia mafuta ghafla ndio unalimaliza. Kiwanda kikichagua kati ya dereva kuchukia gari na dereva kugeuka nyuma-mbele barabarani, kinachagua lipi? Angalia basi uwiano wao wa 1970: mbele nene kuliko nyuma. Uwiano huo ndio wa kuufuata.

Hapo najua utaniuliza: fundi, si umesema unene unaongeza kuhama kwa uzito kwenye ekseli husika? Sasa pua inasukuma, nawe unataka nianze kwa kunenepesha mbele?

Swali zuri, na kitabuni ungekuwa umenishika. Jibu liko kwenye mikono ya mbele ya gari hili. Familia hii ya magari ya GM, tangu 1964 hadi 1972, ina kasoro ya kuzaliwa nayo: mguu wa mbele ukibonyea, tairi la nje linaegemea nje kwa juu badala ya ndani. Yaani gari likilala, tairi linalobeba kazi yote linasimama kwenye ukingo wake wa nje, kama mtu anayetembea kwa ubavu wa kiatu. Ukitaka ushahidi, chungulia matairi yako ya mbele sasa hivi. Naweka dau ukingo wa nje umelika. Stabilaiza nene mbele inazuia gari lisilale, tairi linabaki limelala bapa barabarani, na faida ya ubapa huo kwenye gari hili inazidi hasara ya uzito uliohama. Kwenye gari jingine lenye jiometria nzuri ushauri wangu ungekuwa tofauti.

Kwa hiyo mbele ndiko kwa kuanzia. Bushi za mikono ya mbele, kama ni za 1969 zimekuwa kama biskuti. Toa, weka mpya za mpira. Shokapu zote nne. Springi pima kwa futi toka ardhini hadi kwenye ukingo wa fenda, kulia na kushoto. Upande mmoja ukiwa umeshuka, stabilaiza haiutibu. Kisha weka stabilaiza ya mbele ya inchi 1 na 1/8, au hiyo moja na robo, na bushi zake na linki zake mpya. Halafu peleka gari lipimwe matairi, na usikubali wakuwekee vipimo vya kitabu cha 1969. Vile viliandikwa kwa matairi ya zamani ya nyuzi za mshazari. Kwa matairi ya leo ya radial omba kemba hasi (tairi liegemee ndani kwa juu) nusu digrii, na kasta chanya (mhimili wa usukani uegemee nyuma kwa juu) kadiri shimu, yaani vibati vya kujazia, zitakavyoruhusu, digrii 2 hadi 3 ukibahatika. Baada ya hapo liendeshe wiki mbili. Wapo waliofika hapo wakaridhika, ya nyuma ikabaki stoo. Wewe sidhani, kwa ulivyoeleza, lakini utakuwa umejua kila kipande kimekupa nini.

Sasa ya nyuma.

Ingia chini ya gari uangalie. Ekseli imeshikwa na mikono minne. Miwili ya juu ni mifupi, imekaa mshazari, ndiyo inayozuia ekseli isitembee kulia na kushoto. Miwili ya chini ni mirefu, imenyooka kuelekea mbele. Stabilaiza ya mtindo wa kiwandani ina umbo la herufi U. Kila ncha yake inakaa kwenye ubavu wa mkono wa chini na kufungwa kwa bolti mbili, na kipande cha kati kinavuka gari kwa chini, karibu na tumbo la difu. Hakuna linki, hakuna bushi, hakuna kinachogusa chesisi. Gari likilala, mkono mmoja unapanda na mwingine unashuka, nayo fimbo iliyobanwa kati yao inasokotwa. Ni ujanja rahisi na wa bei nafuu. Ila tazama anayelipa: ule msokoto unarudi kwenye mikono yenyewe, inajaribu kuipinda.

Na mikono ya Malibu yako ni bati lililokunjwa kama mfereji, upande mmoja uko wazi. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Magari yaliyotoka kiwandani na stabilaiza ya nyuma yalikuwa na mikono iliyofungwa pande zote, ya boksi. Kufunga stabilaiza kwenye mikono ya mfereji ni kazi bure: mkono unajikunja kabla fimbo haijajisokota, na mwishowe matundu yanachanika. Wenye mashine huchukua bati la saizi yake wakachomelea upande ulio wazi, lakini lazima watoe bushi kwanza zisiungue, na wachomelee vipande vifupi vifupi kwa kupokezana, mkono usije ukajinyonga. Wewe usiye na mashine nunua mikono mipya ya boksi yenye matundu tayari na vibomba ndani ya matundu. Vibomba hivyo ni muhimu. Bila hivyo, bolti ikikazwa inabana kuta za mkono zinakutana.

Chagua yenye bushi za mpira. Utaona zenye bushi za plastiki ngumu, nyekundu au nyeusi, zinasifiwa sana. Kwenye mfumo huu wa mikono minne, ambayo miwili imekaa mshazari, gari likilala kila mkono unalazimika kujinyonga kidogo, na mpira ndio unaoruhusu. Ukiweka plastiki ngumu kila mahali, mikono inagoma, na kule kugoma ni kama umefunga stabilaiza nyingine usiyojua unene wake. Mkia unashika, unashika, halafu unaachia ghafla. Kwa gari la kwenda kazini na kanisani au msikitini, mpira.

Kwa kuwa uko Ohio, kabla ya kununua chochote chukua nyundo ndogo na bisibisi upige chesisi pale mikono inapofungwa, mbele na juu ya ekseli. Chumvi wanayomwaga barabarani majira ya baridi inakula chuma toka ndani kwenda nje. Mlio uwe wa kengele. Ukisikia mlio wa debe bovu, au bisibisi ikazama, simamisha kila kitu. Hiyo ni kazi ya chesisi.

Kufunga kwenyewe ni nusu siku. Inua nyuma kwa jeki, weka stendi chini ya bomba la ekseli, sio chini ya chesisi. Usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, hata kwa dakika ya kuokota nati. Stendi zikiwa chini ya ekseli, springi zinabeba gari kama lilivyo barabarani, na hilo utalihitaji mwishoni. Puliza dawa ya kutu kwenye bolti za mikono jana yake. Badilisha mkono mmoja, umalize, ndipo uguse wa pili. Ukitoa yote miwili kwa pamoja difu inajizungusha na utamaliza mchana wako ukiisukuma kwa mbao. Bolti za mikono ziweke, kaza kwa mkono tu, usizimalizie.

Sasa pandisha stabilaiza. Iangalie vizuri ipi juu na ipi chini, maana ina mkunjo wa kukwepa difu, na waliowahi kuifunga kichwa chini ni wengi kuliko wanaokiri. Ingiza bolti mbili upande wa kushoto bila kukaza, nenda kulia. Hapo utaona nafasi: ncha ya fimbo haigusi ubavu wa mkono, kuna mwanya, labda milimita tatu, labda sita, na kushoto huenda si sawa na kulia.

Mwanya huo ndio sababu ya mimi kuandika jibu refu hivi. Nilijifunzia ufundi Tanga, kwenye Land Rover 109, gari ambalo halikuwa na stabilaiza mbele wala nyuma, kwa hiyo nilipofika Marekani na kupewa gari la familia hii nifunge, niliona mwanya ule nikasema bolti itavuta. Ikavuta kweli. Fimbo ya springi haikubali kupinda, kwa hiyo kilichosogea ni mikono. Niliivuta yote miwili kwa ndani, bushi zikakaa upande, na gari likaondoka limebanwa kama mtu aliyevaa viatu vya mdogo wake. Mwenye gari alirudi baada ya mwezi. Anasema kuna mtu anagonga mlango kila akigeuka kulia. Nilipofungua, matundu manne yalikuwa yamekuwa ya yai. Nililipa mikono ile kutoka mfukoni mwangu.

Mwanya unajazwa na shimu. Kwenye pakiti nzuri zinakuja. Zisipokuja, kata vipande vya bati la chuma, toboa matundu mawili, viwe na upana wa ncha ya fimbo. Washa za kawaida usizirundike, zinateleza na kugeuka. Sogeza fimbo iwe katikati ya gari, pima mwanya kila upande, jaza mpaka shimu ya mwisho iingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Ikihitaji nyundo, imezidi. Ikianguka yenyewe, imepungua. Bolti ziwe zile zilizokuja na stabilaiza au za daraja hilohilo la ugumu, na nati za kujifunga. Mkazo ufuate karatasi ya mtengenezaji, kwa spana ya kupimia, sio kwa nguvu ya bega. Na usijaribu kuichemsha fimbo kwa moto ili "ikae sawa". Ukiipasha mpaka iwe nyekundu umeua springi, umebaki na nondo.

Bolti za mikono zimalizie sasa, ekseli ikiwa bado imebeba gari. Bushi ya mpira inashikana na chuma pale unapoikaza. Ukiikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, inabaki imejinyonga muda wote gari likiwa barabarani, na haimalizi mwaka.

Halafu pandisha upande mmoja wa ekseli kwa jeki mpaka karibu na mwisho, upande mwingine ukiwa chini, uchungulie kwa tochi: bomba za ekzosi, hasa kama una mbili za inchi mbili na nusu, waya za breki ya mkono, mpira wa breki, miguu ya shokapu, mfuniko wa difu kama umeweka ule mnene wa alumini. Ingiza kidole kila mahali. Kidole kisipopita, chuma kitagonga. Rudia upande wa pili.

Kuna aina nyingine, inayofungwa kwenye bomba la ekseli na kuunganishwa na chesisi kwa linki, yenye matundu mawili matatu ya kubadilisha ugumu. Kwa kona ni bora kuliko hii, nakiri, kwa sababu haiinyongi mikono. Lakini inataka kutoboa chesisi, inagombana na ekzosi, na bei yake ni ya mtu anayekwenda kwenye viwanja vya mbio. Na usiichanganye na zile za mbio za mstari mnyoofu: hizo ni bomba nene zenye kazi ya kuzuia gari lisijinyonge wakati injini inapoinua tairi la kulia mwanzoni mwa mbio. Huyo muuza vipuri akikuonyesha picha zake, mshukuru uondoke.

Siku ya kujaribu, tafuta uwanja mtupu wa kuegesha magari, pakavu. Matairi yawe na upepo sawa. Zunguka duara kwa maili 20 kwa saa, kisha 25, kisha 30, usukani umetulia. Unachotaka kuhisi ni pua bado kuachia kabla ya mkia, lakini kidogo tu, na ukiachia mafuta taratibu inarudi. Mkia ukianza kutangulia, toa ratili mbili za upepo mbele au ongeza mbili nyuma, jaribu tena; ikiwa bado, ifungue uitoe kabisa, uangalie kama bushi za nyuma hazijagoma. Usijaribu mvua mpaka umelijua gari kavukavu. Baada ya maili 100 rudi chini na spana, kaza bolti nne za stabilaiza na zile za mikono. Kwa kawaida moja au mbili zinakuwa zimelegea kidogo, shimu zimejikalia.

Mikono ya zamani uliyoitoa, ipake mafuta uifunge kwenye gazeti. Siku moja atakuja mtu anayetaka Malibu ya 1969 kama ilivyotoka kiwandani, na hiyo ya mfereji ndiyo atakayoiulizia.